Ua wa Masale

Machame, 9 Machi 1952

Dada yangu mpendwa Elizabeth,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Tabora, wewe na shemeji Primus na watoto. Sisi huku hatujambo. Mvua imeanza, mfereji umejaa, na bega la kushoto la Mama lilitupa habari siku tatu kabla ya wingu la kwanza. Ndelilio anakusalimu, na watoto wetu watatu wanamsalimu shangazi yao. Mama anauliza lile swali lake la siku zote: huko mnakula ndizi za namna gani? Nilimwambia watu wa Tabora wanakula ugali wa muhogo, akasikitika kana kwamba mmefungwa jela.

Sasa nije kwenye lile ulilouliza. Unasema mtu wa kwetu aliyepita huko amekuambia nilianguka mferejini nikalala humo mpaka watu wa kwenda kanisani wakanikuta. Dada, ule mfereji hata mbuzi huangukia. Njia ilikuwa na utelezi. Huyo msema maneno angekuambia pia kwamba nilitoka pale nikaenda kanisani hivyo hivyo na koti langu bichi, lakini hilo halina utamu wa kusimulia.

Umekaa mbali karibu miaka kumi na miwili, umesahau kwamba mimi ndimi niliyerithi ulimi wa Baba. Mtu akitengeneza mbege, iwe ya harusi, iwe ya kumshukuru jirani aliyemsaidia kupalilia, hawezi kuitoa mpaka Elimringi apite. Naonja. Nawaambia ulezi umezidi, au magome ya msesewe yametia uchungu mno, au iachwe hadi kesho. Ni kazi ya heshima na wala sikuiomba. Kuonja si kunywa. Na tangu lini mbege ikawa pombe? Mbege ni chakula. Mchungaji mwenyewe hahubiri juu yake ila siku wageni wa ng'ambo wamekaa mbele.

Basi usihangaike. Kazi yangu ya ukarani kwenye ghala la kahawa inaendelea vizuri, na kihamba cha Baba, nyumba na migomba yake, ninakitunza.

Ni mimi mdogo wako,
Elimringi


Tabora, 20 Aprili 1952

Mdogo wangu Elimringi,

Marahaba. Barua yako imenifikia na nimecheka kwa sababu ya mbuzi. Sisi wazima. Primus amehamishiwa zamu za mchana, na mimi siku hizi niko wodi ya wanawake. Mwambie Mama kwamba ndizi za hapa ni ndogo, tamu, za kula na chai, na hazipikiki mtori hata ukizilazimisha. Msalimie sana wifi yangu Ndelilio. Nimezoea kuona mstari wake mmoja chini ya barua zako, safari hii haupo.

Elimringi, ulikuwa na miaka minne Baba alipofariki. Umerithi sifa zake bila kumjua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu, nami nitakuambia jambo ambalo Mama hakuwahi kukuambia kwa sababu wewe ndiwe kitinda mimba na alitaka ukae kwenye kihamba cha baba mwenye heshima.

Ule ua wa mimea ya masale ulio upande wa chini wa nyumba, unaodhani ni mpaka, si mpaka. Unajua mila. Aliyekosa akimpelekea mwenzake isale, mwenzake hawezi kukataa kusamehe. Baba alikuwa akinywa, akifanya aliyoyafanya, akiamka anamletea Mama shina la isale kwa mikono miwili. Mama alilipokea kila mara, na kila mara alikwenda kulipanda pale chini. Siku moja nilimsaidia kupalilia nikamwambia ua wetu ni mzuri. Akasema, "Huu si ua, mwanangu. Huyu ni baba yako." Nilihesabu. Ni masale kumi na tisa. Na yule Baba naye alianza kwa kuonja.

Nimefanya kazi hospitalini miaka kumi. Daktari wetu, mtu wa namna hii akiletwa, hamuulizi anakunywa kiasi gani, maana wote husema kidogo. Huuliza mambo matatu, nami nakuuliza hayo hayo. La kwanza: umewahi kujiwekea siku ya kuacha, siku ikapita? La pili: kuna kinywaji unachokificha watu wa nyumbani wasikione? La tatu: asubuhi, kabla hujatia kitu mdomoni, mikono yako ikoje?

Nijibu yote matatu, tafadhali. Sikuulizi kama muuguzi. Nakuuliza kwa sababu nilikubeba mgongoni.

Dada yako,
Elizabeth


Machame, 8 Juni 1952

Dada Elizabeth,

Shikamoo. Unisamehe kuchelewa, mvua zilikata barabara na kazi zilinizidi. Natumaini nyote wazima. Huku Mama hajambo, isipokuwa kikohozi kidogo cha baridi, na anasema ndizi ya kula na chai si ndizi, ni peremende. Ndelilio amekwenda kwao na watoto kumsaidia mama yake ambaye mguu unamsumbua. Atarudi mguu ukipona.

Barua yako ilinichoma. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ndivyo unavyotaka kusema, ila umeizungusha kwa sababu umesoma. Ua ni ua, Dada. Wanawake husema mengi wakiwa wanapalilia. Baba alikuwa mtu wa watu na mpaka leo wazee wakimimina mbege ya tambiko hutaja jina lake. Na mimi sijawahi kumpelekea mtu yeyote isale, wala sina la kuombea msamaha.

Lakini kwa kuwa umeuliza nitajibu, ujue sina cha kuficha. La kwanza: ndiyo, nilijiwekea Pasaka, lakini Pasaka ilikuwa na harusi mbili na ningewatukana wenyeji. Hilo kila mtu angelifanya. La pili: sifichi kitu. Kuna kibuyu kimoja nyuma ya zizi, lakini kimekaa pale kwa sababu ya ubaridi, mbege haitaki joto. Basi, nimejibu maswali yako, na daktari wako anaweza kulala.

Na ili ufurahi, leo hii nimechukua kata yangu ya kunywea, ile ya Baba, nimempa Mama aifiche. Ameifunga kwenye khanga na hataki kuniambia ameiweka wapi. Sitagusa mpaka Krismasi.

Jambo moja dogo. Usitume tena barua kwa anwani ya ghalani. Wamebadilisha utaratibu, barua za watu binafsi hawazitaki. Tuma kwa Bwana Yunusu, mwenye duka la vitambaa mjini Moshi, ni rafiki yangu, nitakuwa nazichukua huko.

Elimringi


Tabora, 6 Julai 1952

Mdogo wangu Elimringi,

Marahaba. Sisi hatujambo. Nimefurahi kwamba umempa Mama ile kata. Kikohozi cha Mama kinanitia wasiwasi, mtu wa umri wake hakohoi kidogo. Nimetuma blanketi zito la rangi ya damu ya mzee kwa mkono wa fundi mmoja wa reli anayekwenda Moshi. Ataliacha kwa Bwana Yunusu. Mfunike begani.

Sasa niseme. Maswali yalikuwa matatu, nawe umejibu mawili ukafunga hesabu. Lile la tatu umeliruka kama mtu anavyoruka kinyesi njiani, bila kuangalia chini. Huna haja ya kunijibu, barua imejibu. Ukurasa wa kwanza herufi zimelala, zinagongana, sikuzitambua. Kuanzia pale palipoandikwa "Barua yako ilinichoma" zimenyooka, ni ule mwandiko wako wa shule uliokupa ukarani. Katikati ulisimama. Ulikwenda nyuma ya zizi, sivyo?

Ghalani hawakubadilisha utaratibu. Wamekufukuza. Na mama yake Ndelilio ana miguu miwili mizima, alinitumia salamu kwa mdomo mwezi wa nne akiwa anatembea sokoni.

Mdogo wangu, kuna neno ambalo sisi watu wa mlimani hatuna ujasiri nalo. Tunasema fulani anapenda mbege, fulani ana ulimi, fulani ni mtu wa watu. Mimi nalisema. Wewe ni mlevi. Sikutukani. Nimekaa na walevi wodini nikawashika vichwa wakitapika, na wengine walikuwa waalimu na wazee wa kanisa. Ni ugonjwa ulioshika mwili. Ukiacha kunywa kwa ghafla na peke yako mwili unaweza hata kukuangusha, kwa hiyo unahitaji mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Njoo Tabora, nitakaa nawe.

Na jambo la mwisho. Mama akizidiwa, usiandike barua. Nenda posta Moshi unipigie simu ya maandishi siku hiyo hiyo. Niahidi hilo tu, mengine tutayasema.

Dada yako,
Elizabeth


Moshi, 31 Agosti 1952

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo, anakusalimu. Kikohozi kimekwisha kabisa. Blanketi lilimfikia, zuri sana, watu wote walilisifu. Analo mwilini, halimtoki mchana wala usiku. Anasema ahsante, Mungu akubariki katika kazi zako.

Ndelilio hajambo. Kahawa imeiva mapema mwaka huu.

Uliyoyaandika nimeyasoma. Sasa nina mambo mengi. Nitaandika nikipata nafasi.

Elimringi


Tabora, 5 Oktoba 1952

Mdogo wangu Elimringi,

Marahaba. Nimefurahi mno kusikia kikohozi kimekwisha. Nimemsomea Primus sehemu ya blanketi mara mbili. Nilikuwa nimeogopa vibaya, nikakuandikia kwa ukali, na sasa naona aibu. Ulevi nitausema tukionana uso kwa uso, maana habari kubwa ni hii: nimepata likizo. Miaka kumi na miwili na miezi miwili! Nitaondoka hapa tarehe 15 Desemba, nitazunguka kwa treni na mabasi, na Mungu akipenda nitakula Krismasi Machame.

Ndani ya bahasha hii nimetia picha. Tulipigwa Jumapili ya tarehe 3 Agosti, kwenye harusi ya muuguzi mwenzangu. Mwonyeshe Mama viatu vyangu. Siku ile nilicheza mpaka kisigino kimoja kikang'oka, ndiyo maana nimesimama upande. Mwambie asinicheke.

Ila, Elimringi, kuna kitu kidogo. Salamu za Mama siku hizi zimekuwa za mtu wa ofisi. "Mungu akubariki katika kazi zako." Mama gani huyo? Miaka yote hakuacha hata mara moja kuniuliza habari za ndizi. Mwambie nimekosa swali langu. Na mwambie atengeneze mtori, nitatia mkono mwenyewe kwenye chungu.

Dada yako mwenye furaha,
Elizabeth


Mabogini, 16 Novemba 1952

Dada,

Sina salamu za mtu yeyote. Niko peke yangu.

Usishangae mwandiko. Ni asubuhi na sijaonja kitu tangu jana mchana. Nimeanza barua hii mara sita, na kila mara nilikwenda kunywa kwanza ili mkono utulie, na mkono ukitulia nilikuwa naandika uongo. Kwa hiyo leo nimeamua niandike hivi hivi, ukishindwa kusoma neno lirudie.

Mama alifariki alfajiri ya Jumamosi tarehe 2 Agosti.

Kikohozi kilishuka kifuani. Ndelilio alikuwa amekwisha kuondoka tangu mwezi wa nne, si kwa sababu ya mguu wa mtu, ni kwa sababu nilimpiga mbele ya watoto. Mama alikuwa akipikiwa na jirani. Alipokata roho baba mdogo Elifuraha alinishika bega akasema, "Wewe ndiwe karani, shuka posta umpigie dada yako simu, sisi tutaandaa kaburi." Nilifurahi kupewa kazi. Nilitaka kukutimizia lile uliloniomba.

Nilifika posta mapema. Nilipewa fomu. Dada, sikuweza kuijaza. Nilishika kalamu kwa mikono yote miwili, nikaandika M ya Mama ikawa alama tu. Karani wa dirishani aliitazama mikono yangu, halafu akatazama pembeni kwa adabu. Nyuma yangu watu walikuwa wamepanga foleni. Nikasema moyoni, nitoke nikaonje kata moja tu, mkono utulie, niandike jina la Mama vizuri kama inavyostahili. Kulikuwa na kilabu mtaa wa pili.

Hilo ndilo jibu la swali lako la tatu.

Nilipoamka ilikuwa Jumapili jioni na fomu ilikuwa bado mfukoni. Mama alikuwa amezikwa. Kitinda mimba wake hakumwaga hata konzi ya udongo. Nilipopanda nyumbani baba mdogo aliuliza, "Umepiga?" Nikasema, "Nimepiga, nilikuwa nasubiri majibu." Tangu siku ile ukoo wote unajua kwamba ulipata simu ukanyamaza. Wanasema mjini kumekubadilisha. Nimewasikia wakisema hivyo, nami nikaendelea kupokea kata.

Blanketi alizikwa nalo. Hilo sikukudanganya, nililiandika nikijua maana yake, na nikajidharau. Ile kata ya Baba niliipata nilipopekua vitu vyake, alikuwa ameificha ndani ya mto wake wa kulalia.

Sasa niko huku bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Naamia ndege. Napiga debe wasile mpunga, na mwenye shamba ananipa chakula na kinywaji. Nyumbani nimefunga mlango.

Uliponiandikia lile neno mwezi wa saba nilichana barua. Leo nalisema mwenyewe. Mimi ni mlevi. Sikulijua siku nilipoanguka mferejini, wala siku nilipofukuzwa kazi, wala Ndelilio alipobeba watoto. Nililijua pale dirishani, kabla ya kutoka. Nililijua na bado nikatoka.

Ndani ya bahasha kuna isale. Nilipanda usiku wa jana kulikata kwenye ua wetu. Sistahili, lakini mila inasema hukatai.

Elimringi


Machame, 10 Januari 1953

Elimringi,

Barua hii naiacha kwa Bwana Yunusu, ameniahidi kukufikishia kwa mkono.

Watoto wako wazima, niliwaona kwa Ndelilio. Aliniwekea chakula akaenda kukaa jikoni.

Nilifika tarehe 22 Desemba. Kwa siku tatu hakuna aliyenipa mkono. Shangazi alinigeuzia mgongo njiani. Nilikuwa na barua yako kwenye mkoba na ningeweza kuisoma kanisani. Sikuisoma. Nilimwonyesha baba mdogo peke yake. Alikaa chini kwenye majani ya migomba, mtu mzima yule, akalia.

Nimelia mimi pia, na nataka ujue nimelilia nini. Kutoka Tabora nisingewahi kumzika, hilo najua. Lakini ningekuwa na siku yangu ya kumlilia. Umeichukua. Wakati wanamfukia Mama yangu mimi nilikuwa nacheza harusini, na nikamtumia picha ya viatu. Kila nikifumba macho naviona viatu hivyo.

Nilikwenda kwenye ua. Nilitaka kuona ulipokata lile jani. Nimehesabu mara mbili, kisha nikamwita jirani ahesabu. Masale ni ishirini na matatu. Yale kumi na tisa ya Baba ni mazito, yamenizidi urefu. Mwishoni kabisa, kuelekea zizini, yapo manne membamba. Jirani akasema, "Hayo Mama yako aliyapanda mwenyewe, la mwisho mwezi wa tano." Uliniandikia hujawahi kumpelekea mtu isale. Ulimpelekea Mama mara nne, akapokea, akashuka na bega lake bovu akayapanda kwenye mstari wa Baba. Mimi nilijidhani ni wa kwanza kulijua jina la ugonjwa wako. Mama alikuwa amekwisha kulijua, na bado alikuwa akikutuma wewe uniulize habari za ndizi.

Isale lako nimelipokea. Sikulikataa, mila hainiruhusu, wala moyo. Umesikia? Nimekusamehe. Lakini uliloleta ni jani tupu. Jani halioti. Isale hupandwa kwa shina, na huletwa kwa mikono na aliyekosa.

Baba mdogo ananiuliza kwa nini nisishuke Mabogini nikakuchukue. Nimelala na swali hilo kila siku. Naogopa nikikufuata utaniambia unachojua nataka kusikia, kama ulivyofanya mwaka mzima. Isale haliendewi, huletwa. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na safari hii nashika hapo.

Basi langu linaondoka njia panda ya Machame Jumamosi tarehe 17, saa mbili asubuhi. Nimekata tiketi mbili. Daktari wetu amekubali kukupokea, na kitanda kipo. Njoo kabla ya saa mbili. Usioge ukipenda, usivae viatu. Ila uje bila kuonja, na mikono yako jinsi ilivyo. Ikitetemeka nitaishika mimi. Nimeshika mikono ya watu wengi inayotetemeka, nitashindwaje ya kwako?

Dada yako,
Elizabeth


Machame, 17 Januari 1953

Dada mpendwa Elizabeth,

Shikamoo. Natumaini utafika salama Tabora na utamkuta shemeji Primus mzima pamoja na watoto. Mimi niko hapa nyumbani, kwenye meza ya Baba. Mlango nimeufungua mwenyewe. Umefagia, umeacha na ndizi kwenye chungu. Nimeziona, ahsante.

Nilikuja, Dada. Nataka ulijue hilo. Tangu Bwana Yunusu aniletee barua yako sikulala vizuri kwa furaha. Jana jioni nilikataa kinywaji cha mwenye shamba, akashangaa. Niliondoka Mabogini usiku, nikapita nyumbani, nikakata shina zuri la isale, nene, lenye macho matatu, nikalifunga kwa jani la mgomba. Kulikuwa kunapambazuka. Nilikuwa bado na saa nzima kabla ya basi.

Halafu ikaanza. Si mikono tu, hata taya. Shina likaniponyoka nikalikanyaga. Nilisimama nikashikilia mgomba, jasho linanitoka kwenye baridi ile. Uliandika utaishika. Nilikuamini. Lakini niliwafikiria watu wa njia pandani, shangazi, baba mdogo, wote wakinitazama nikikukabidhi kitu kitakatifu kwa mikono ile. Nikakumbuka kibuyu kwa jirani, anayetengeneza mbege ya harusi ya kesho. Nikasema nionje kata moja tu, mkono utulie, nikupe isale vizuri kama inavyostahili.

Nililisikia basi likipiga honi. Nadhani lilipiga mara tatu. Nadhani ni wewe uliyemwomba dereva.

Nimelipanda shina kwenye ua, baada ya yale manne. Limesimama sawa. Sasa ni ishirini na nne.

Usiniandikie kwa Bwana Yunusu tena, sijui kama nitapita. Barua hii nimeiandika mara moja, sikufuta hata neno. Utazame mwandiko wangu, Dada, jinsi ulivyonyooka.

Elimringi